Mashuka Sita Bila Doa

Sura ya Sita

Mkuu wa upelelezi aliona kesi imekwisha tangu jana. Alikuwa amelifunga jalada kwa uzi na kulisukuma ukingoni mwa meza, na sasa alikuwa anatafuta miwani ambayo alikuwa ameivaa.

"Muuguzi amekiri," alisema. "Kurasa mbili kwa mwandiko wake, na sahihi chini. Unataka nini tena?"

"Nataka kujua kwa nini amekiri kabla sijamuuliza," alisema Inspekta.

"Watu wengine wana dhamiri, mama."

"Ndiyo, mkuu. Na wengine wana siri."

Mkuu aliikuta miwani usoni pake, akanuna kidogo. "Una mpaka saa kumi jioni. Baada ya hapo jalada linakwenda kwa mwendesha mashtaka. Na kama haya yote ni kwa sababu unamfahamu yule mama, sema nimpe mwenzako."

"Mkuu, nani mji huu hajachomwa sindano na Sista?"

Mkuu alijishika kiuno bila kukusudia, akacheka, akampungia mkono aende zake.

Karatasi za jalada zilisema hivi. Siku tatu zilizopita, fundi cherehani mmoja aliingia hospitali kwa miguu yake kuchomwa sindano ya mgongo, matibabu ambayo mtu huyapata asubuhi na mchana akarudi kwake. Jioni ile miguu yake haikusikia hata ukiifinya. Sista, muuguzi wa chumba cha sindano, aliandika kwamba kwa uzembe wake alimimina dawa ya pinki ya kusafishia ngozi kwenye bakuli la maji ya chumvi, daktari akaichanganya na dawa ya mgongo bila kujua, akaiingiza. Alikuwa amebakiza wiki tatu astaafu. Sasa alikuwa amebakiza saa saba ashtakiwe.

Inspekta alimjua Sista tangu akiwa na miaka minane. Mama yake Inspekta alikuwa dobi wa hospitali ileile, na Sista, wakati huo msichana mwenye saa iliyobanwa kifuani, ndiye aliyekuwa akimletea vichupa vitupu vya dawa achezee. Hospitali nzima ilimwita Binti Dobi. Wapo waliokuwa bado wakimwita hivyo, sare au bila sare.

*

Fundi cherehani alikuwa kitanda cha mwisho, dirishani, na tepu yake ya kupimia shingoni. Wauguzi walijaribu kumvua wakashindwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Mimi ndiye siwezi kusimama."

Inspekta alivuta stuli. Alimtaka aeleze kila kitu, kama anayemweleza mtu asiyewahi kuchomwa.

"Hii ilikuwa ya tatu," alisema fundi. "Ya kwanza ilinipa miezi minane. Miezi minane, mwanangu! Nilishona sare za shule nzima nikiwa napiga mluzi. Ndiyo maana nilirudi. Unalala kifudifudi, mto chini ya tumbo, uso kwenye tundu la kitanda. Huoni kitu ila sakafu. Wanakupaka dawa ya baridi, wanakufunika shuka lenye tundu, wanakupiga ganzi. Halafu ile mashine ya picha inaletwa juu yako, daktari anaangalia sindano inavyopita kati ya pingili. Nusu saa haifiki."

"Na safari hii?"

"Ganzi ilikuwa sawa. Sindano sikuisikia. Mwishoni, anaingiza dawa, ndipo ukaja moto. Si maumivu yale niliyoyazoea, moto. Nilipiga ukelele, daktari akaacha palepale. Lakini kilichoingia kimeingia."

"Kabla ya huo moto, uliona nini sakafuni?"

Fundi alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Viatu. Mimi ukinilaza mbele ya mshono siwezi kuacha kuuangalia. Vya daktari ni vya mpira, vya kijani, vina ufa kisigino cha kushoto. Vilikwenda mezani, vikarudi, vikaenda tena, na huku nasikia vyombo vinagongana."

"Na vya Sista?"

"Vyeupe vya kamba. Kimoja kimeshonwa kwa uzi wa kahawia, mshono wa aibu, nilitaka nimwambie aniletee. Hivyo vilikuja baadaye. Nimeshafunikwa tayari."

"Una hakika?"

"Mwanangu, sikuwa na kazi nyingine pale."

"Askari waliokuja mwanzo uliwaambia haya?"

"Waliniuliza nimeona nini. Nikawaambia sijaona kitu, nilikuwa nimelala kifudifudi. Wakaandika, wakashukuru, wakaondoka."

Inspekta aliandika viatu jozi mbili, na ufa, na uzi wa kahawia. Alipoinuka, fundi alimshika kiganja.

"Sitaki mtu afungwe," alisema. "Daktari mkubwa anasema huenda miguu ikarudi kidogo, huenda isirudi. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nataka tu nijue kile kitu kilifikaje mgongoni mwangu, asije akatiwa mwingine."

*

Daktari wa sindano alikuwa kijana bado, thelathini na kitu, na macho mekundu ya mtu asiyelala. Inspekta alianza na lile alilolishuku yeye mwenyewe tangu siku ya kwanza, kwamba sindano ilikwenda kombo na muuguzi anabebeshwa lawama.

Daktari aliwasha kioo cha mashine bila kubisha. Zikatokea pingili za kiuno cha fundi, moja juu ya nyingine, na sindano nyembamba katikati.

"Hii hapa ncha. Hii nyeusi inayosambaa ni dawa ya picha, tunaitanguliza tuone kama tumefika. Tumefika. Angalia inavyofuata mshipa wa fahamu."

"Kwa hiyo sindano haikukosea."

"Haikukosea hata unywele."

"Kisha?"

"Kisha nachukua dawa ya kutuliza uvimbe, nazimua kwa maji ya chumvi kutoka kwenye bakuli, naingiza polepole." Sauti yake ilishuka. "Dawa yenyewe ni nyeupe kama maziwa. Ukiizimua na kitu kingine huwezi kujua."

Ukutani, juu ya meza ya vyombo, kulikuwa na kibao cha mbao, maandishi ya mkono yaliyoanza kubabuka: CHA RANGI NI CHA NGOZI. KISICHO RANGI NI CHA NDANI. Inspekta alikikumbuka. Matroni wa zamani, mwanamke mnene aliyeogopwa na madaktari, alikiandika mwenyewe na kukipigilia misumari akiwa juu ya kiti, na mama yake Inspekta ndiye aliyeshikilia kiti.

"Siku ile meza iliandaliwa na nani, daktari?"

"Sista ameshaandika."

"Sikuuliza ameandika nani."

Daktari alizima kioo. Inspekta akatazama chini. Viatu vya kijani, kisigino cha kushoto kina ufa.

"Kesho chumba kikifunguliwa mna wagonjwa wangapi?"

"Wanne."

"Meza itaandaliwaje?"

"Kama kawaida."

"Kawaida ipi?"

Daktari alianza kuifunika mashine kwa kitambaa. Inspekta alitoa mkobani ile chupa ya ushahidi, ambayo Sista aliwakabidhi askari akisema ndiyo aliyoimimina. Aliitikisa sikioni. Chini kulikuwa na unga wa pinki uliokauka, ukacheza kama mchanga kwenye kijaluba. Chupa iliyomiminwa siku tatu zilizopita ikafungwa kifuniko haikauki hivyo. Aliirudisha mkobani, akaaga, na miguu yake ikampeleka mahali ambapo haikuhitaji kuelekezwa, nyuma ya jiko, kupita tangi la maji, hadi kwa madobi.

*

Siku hizi kuna mashine nne za kufulia zinazonguruma kama zina ugomvi. Lakini mabeseni ya saruji yalikuwepo bado, yamekauka, na la tatu kutoka mlangoni lilikuwa na ule mpasuko wenye umbo la kijiko. Hapo ndipo mama yake alipoinama miaka ishirini na sita.

Inspekta alisimama akalishika. Alitamani arudi siku moja tu, hata iwe ya mvua na nguo zisizokauka, amwone mama akikamua shuka huku akiimba vibaya. Harufu ya sabuni ya mche ilikuwa imekwisha mahali pale, na hilo lilimuuma kuliko alivyotarajia. Jioni mama alikuwa akijilaza mkekani, uso chini, na kusema, "Njoo, mwanangu, nikanyage." Naye alivua viatu, akapanda, akatembea polepole juu ya kiuno cha mama yake, huku mama akiguna kwa raha: "Hapo. Hapo hapo. Rudi nyuma kidogo." Hiyo ndiyo ilikuwa tiba ya mgongo enzi zile, mtoto wa kilo ishirini.

"Binti Dobi! Unatafuta kazi?"

Alikuwa Mzee Pasi, mkuu wa madobi, aliyeanza kazi akiwa kijana wa kupiga pasi na jina likamganda. Walisalimiana kwa kushikana mikono yote miwili.

"Baba, naomba uniletee mashuka yenye tundu ya chumba cha sindano. Yale yanayotumika mwezi huu."

"Yameshafuliwa hayo, tena mara nyingi. Wamechelewa askari wako."

"Niletee hivyo hivyo."

Mzee Pasi alileta robota dogo. "Sita. Mapya haya, nimeyatoa stoo mwanzo wa mwezi. Ya zamani yalichakaa, nimeyachana matambara."

"Naomba na tambara moja."

Akatandaza vyote juu ya meza ya kupigia pasi. Tambara lilikuwa na duara la pinki pale lilipokuwa tundu, limefifia lakini lipo. Inspekta alilijua doa lile kama anavyojua sura yake. Mama yake alilitukana miaka yote ile. Alilipiga sabuni, ndimu, jua, majivu, maombi, na doa likabaki likimtazama. "Ile dawa yao," alikuwa akisema, "siku moja tu inatosha. Ikishaligusa shuka, limeolewa."

Akayafungua yale sita, moja baada ya jingine, akipitisha kidole kuzunguka matundu. Meupe yote.

"Haya yametumika siku ngapi, baba?"

"Leo ni tarehe kumi na tano. Kumi na mbili mpaka walipofunga chumba."

"Na hakuna hata doa moja la pinki."

Mzee Pasi alijikuna kidevu. "Nililiona hilo. Nikasema labda nimejifunza kufua uzeeni. Nikamshukuru Mungu."

"Pinki iliisha stoo, siyo?"

"Mimi ni wa nguo. Lakini nilisikia wameleta nyingine, isiyo na rangi. Nzuri tu, wanasema."

Kwa hiyo dawa ya pinki haikuingia chumba kile tangu mwanzo wa mwezi. Sista alikiri kumimina kitu ambacho hakikuwepo. Inspekta alilikunja shuka moja pande nne, kisha nne tena, kingo ndani, jinsi alivyofundishwa, akalitia kwenye bahasha ya ushahidi. Ilikuwa saa nane kasoro.

*

Sista alikuwa akiishi vyumba viwili nyuma ya kituo cha zimamoto. Alifungua mlango akiwa miguu mitupu, kanga kiunoni, nywele zote nyeupe.

"Binti Dobi. Umekuja na pingu au na njaa?"

"Shikamoo, Sista. Nimekuja na maswali."

"Marahaba. Hayo hayashibishi. Ngoja niweke chai."

Alimimina chai akiwa amesimama. Inspekta alikaa, yeye akaegemea kabati. Kijiko kikamponyoka kikaanguka. Sista hakuinama. Alikibana kwa vidole vya mguu, akainua goti, akakipokea kwa mkono, yote bila kukatiza mazungumzo.

Inspekta aliweka kikombe chini. Mama yake aliokota vibanio vya nguo hivyohivyo, miaka ya mwisho.

"Mgongo umeanza lini, Sista?"

"Mgongo gani?"

"Huo."

"Uzee huo, mwanangu."

Inspekta alitoa bahasha, akalitandaza shuka juu ya meza, tundu katikati. Sista alilitazama kwa muda mrefu. Hakuwa na haja ya kuelezwa. Alikuwepo mama alipokuwa akilitukana lile doa.

"Hili halina pinki," alisema Inspekta. "Wala wenzake watano. Chupa uliyowapa askari ni ya zamani, imekauka. Na fundi aliona viatu vyako vikiingia baadaye, ameshafunikwa. Hata uzi wa kahawia ameuona, anasema umemtia aibu."

"Yule mzee!" Sista alicheka, kisha kicheko kikamwisha. "Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Na mimi hata kuchutama siwezi."

"Ulikuwa wapi?"

"Chumba cha mashuka, mlango wa pili. Nimelala juu ya marobota. Asubuhi ile kiuno kilinikamata nikashindwa hata kuvaa aproni. Yule kijana alishanichoma sindano mwezi uliopita, kwa siri, nikapata nafuu, nikajidai mzima, nikabeba mgonjwa peke yangu. Akaniambia, 'Pumzika, mama, leo nitaandaa meza mwenyewe.' Wema wake ndio huo, Binti Dobi. Wema ndio uliomponza."

"Akamimina kwenye mabakuli mawili yanayofanana."

"Maji na maji, ukiyatazama. Nilipoingia nikakuta yote mawili hayana rangi. Miaka thelathini na nane macho yangu yamezoea, kisicho rangi ni cha ndani. Akasema nipe maji ya chumvi, nikampa la karibu." Alifuta shavu kwa ncha ya kanga. "Mkono ni huu."

"Lakini wewe ulijua pinki imeisha."

"Nilijua! Tangu ilipoletwa hii mpya, bakuli la dawa ya ngozi nilikuwa nalifunga kipande cha shashi ya vidonda ukingoni. Fundo moja. Siku zote hizo hakuna aliyekosea."

"Nani mwingine alijua habari ya fundo?"

Sista aligeukia dirisha. Nje gari la zimamoto lilikuwa likioshwa, maji yakipiga bati.

"Hakuna," alisema. "Ilikuwa kazi ya muuguzi. Daktari utamweleza nini habari za shashi? Matroni hakutueleza, alitupiga vibao vya mikono tukajua. Siku ile nikaliona bakuli halina fundo, nikasahau kwamba fundo nilikuwa nalifunga mimi."

"Kwa nini usiseme hivyo tangu mwanzo?"

"Kwa sababu mimi nimebakiza wiki tatu na yule kijana amebakiza miaka thelathini. Piga hesabu ni migongo mingapi hiyo. Nilimwambia, 'Nyamaza, mwanangu, hili nitalibeba mimi.' Alilia. Usifikiri hakulia." Alimkazia macho. "Mama yako angelichukua hilo shuka akalitia kwenye beseni, mambo yakaisha. Alikuwa rafiki yangu."

Hilo lilimwingia Inspekta mahali pabaya. Aliona haya kwa kazi yake, akaona haya zaidi kwa kutamani kufanya alivyoambiwa. Mbele yake alikuwa mtu wa mwisho aliyeweza kumwambia mama yake aliimbaje.

"Mama asingekuwa na cha kufua hapa," alisema. "Sista, kesho wamepangwa wanne. Nimemuuliza kijana wako meza itaandaliwaje, akasema kama kawaida. Kibao bado kiko ukutani. Karatasi yako inasema bibi mmoja alizembea, basi, bibi ameondolewa, watu waendelee. Nani kesho atafunga fundo?"

Sista aliushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Rangi ilimtoka usoni, na Inspekta hakujua mara moja kama ni yale maneno au ni kiuno.

"Wanne," alisema Sista. "Ee Mungu wangu."

"Wanne."

"Nisaidie nilale."

Inspekta alimshika, wakaenda hatua ndogo ndogo hadi kitandani. Sista alijilaza kifudifudi, akavuta mto akauweka chini ya tumbo, kama alivyowalaza mamia ya watu.

"Ulikuwa ukimkanyaga mama yako," alisema, sauti ikizama kwenye godoro. "Nilikuwa nakuona dirishani. Nilikuwa nawaonea wivu."

"Enzi hizo nilikuwa na kilo ishirini. Leo nikikupanda itakuwa kesi nyingine."

Mabega ya Sista yalitikisika kwa kicheko, halafu yakaendelea kutikisika, na hakikuwa kicheko tena. Inspekta alivua saa, akaweka viganja viwili pale kiunoni, akakandamiza polepole, akasogea juu, akarudi.

"Hapo," alisema Sista. "Hapo hapo. Rudi nyuma kidogo."

Inspekta alirudi nyuma kidogo. Alibaki hivyo mpaka pumzi ya yule mama ilipotulia. Ukutani saa ilionyesha saa tisa na robo.

"Una karatasi?" aliuliza Sista bila kuinua uso.

"Ninayo."

"Basi andika vizuri, maana ile ya kwanza niliandika kwa haraka. Na usianze na kijana. Anza na mimi." Alivuta pumzi. "Andika: nilikuwa na fundo la shashi, na sikumwonyesha mtu."